Uzoefu wangu na jino la kupandikiza lililopakwa madini ya mfupa

Gego langu la juu, upande wa kushoto, lilipasuka hadi kwenye mzizi, likang'olewa, na kwa miezi 7 nikawa natafunia upande mmoja. Nilipoamua kupandikiza jino hapa Dar es Salaam, daktari wa meno aliniwekea mezani skrubu mbili za chuma cha titani, ambazo huingizwa kwenye mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino: moja ilikuwa imekwaruzwa kwa mchanga na tindikali, na nyingine ilikuwa imepakwa tabaka jembamba la haidroksiapataiti, madini yaleyale ya kalsiamu na fosfeti yanayoupa mfupa ugumu wake. Ya pili ilizidi bei kwa karibu robo, nami nikaichukua.

Kliniki niliyoulizia kwanza, ambayo sitaitaja, iliniahidi kwamba kwa kuwa skrubu imepakwa "dawa", ningetafuna nyama baada ya wiki moja. Huo ni uongo wa biashara. Titani yenyewe hushikana na mfupa bila kupakwa kitu, na Per-Ingvar Brånemark alimpandikizia hivyo mgonjwa wake wa kwanza nchini Sweden mwaka 1965. Kazi ya tabaka ni kuuwahisha mshikamano huo, hasa katika taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini na ambalo zamani lilisubiriwa kwa takribani miezi 6. Isitoshe, matabaka mazito ya miaka ya 1980, yenye unene wa mikrometa 50 hivi, mengine yalibanduka au kumomonyoka mdomoni, kwa hiyo nilitaka kwanza kujua unene wa hili kabla sijafungua pochi.

Nilichokipenda zaidi ni kipimo cha jinsi skrubu ilivyokaza kwenye mfupa. Baada ya skrubu kuingia, daktari alifunga juu yake kijiti chenye sumaku, akasogeza karibu yake kifaa mfano wa kalamu bila kukigusa, kikalia, na namba ikatokea: 64, kwenye kipimo kinachoishia 100. Wiki ya 4 ikasomeka 61, nami nikakosa usingizi. "Usiogope, mama," aliniambia, "mfupa wa zamani unaoibana skrubu hulegea kidogo kabla mpya haujakaza. Tabaka hili limewekwa kwa ajili ya kipindi hikihiki." Wiki ya 10 ikawa 73, na wiki ya 12 nikavalishwa kofia ya jino. Kama bila tabaka ningeshuka zaidi, siwezi kuapa, maana sina taya jingine la kulinganishia.

Lakini tabaka hili halizuii uchafu. Mwezi wa 5 fizi ilianza kutoa damu, kwa sababu nyuzi za nyama zilikuwa zikijibana chini ya kofia nami nikijidanganya kuwa chuma hakiozi. Daktari alinionyesha kwa kioo: fizi ikirudi nyuma, uso uleule wenye vinyweleo unaoupendeza mfupa ndio vijidudu hung'ang'ania, na kuusafisha ni kazi kubwa. Tangu hapo napitisha brashi nyembamba kila usiku, na damu imekoma.

Sasa ni mwezi wa 14, na mihogo ya kuchoma naitafunia upande huo. Kasoro niliyobaki nayo ni ya karatasi: kadi yenye jina la mtengenezaji, aina ya tabaka na namba ya toleo niliipata baada ya kuiomba mara mbili. Iombeni kabla ya kumalizia salio.