Mdalasini: verum au cassia?

Sokoni Darajani, mjini Zanzibar, verum na cassia vyote huitwa mdalasini, na muuzaji hakosei. Jina letu linabeba miti miwili, na hapo ndipo jina la kitaalamu linapokuwa na faida.

Mti unaopandwa Kizimbani na mashamba mengine ya viungo Unguja ni Cinnamomum verum. Verum ni Kilatini, maana yake "wa kweli". Vitabu vya zamani huuita Cinnamomum zeylanicum, yaani wa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Ni mti uleule: verum lilichapishwa 1825, zeylanicum 1826, na kanuni ya wataalamu wa mimea hukubali jina lililotangulia. Gome lake ni jembamba, tabaka juu ya tabaka, na huvunjika kwa vidole. Mizizi yake hunukia kafuri. Ukipita shambani omba uikwaruze.

Cinnamomum cassia asili yake China. Gome ni nene, gumu, limejikunja mara moja tu, na ladha yake ni kali.

Kwa pilau, cassia inafaa kabisa. Hustahimili moto mrefu na bei yake huwa nafuu. Kwa chai ya kila siku nachagua verum bila kusita, kwa sababu cassia ina kumarini, kemikali ya asili ya mimea, nyingi zaidi, na ikizidi huweza kudhuru ini. Ukinunua wa unga huwezi kutofautisha kwa macho, kwa hiyo nunua magome, usage mwenyewe.