Sosi ya siagi ya Kikajuni: hiki kikopo cha kijani kitumie kwa akili

Haya jamani, karibuni jikoni. Mnasikia sufuria inavyotokota hapo nyuma? Viazi vimo, mahindi yanafuata, kamba nimewalaza kwenye barafu mpaka dakika za mwisho. Leo nachambua hiki kikopo cha kijani cha viungo vya unga, Tony Chachere's, gramu 227, kwa sababu kila nikiweka picha ya sinia la kamba lenye rojo jekundu mnaniuliza: dada, ile sosi unatia nini?

Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Kinatoka Opelousas, Louisiana, na biashara yao ilianza 1972. Sasa tusome pamoja vilivyomo. Cha kwanza kabisa, chumvi. Pilipili nyekundu, pilipili manga na kitunguu saumu vinakuja baada yake. Na kwenye lebo za Marekani, kinachotangulia ndicho kilichozidi kwa uzito. Kwa hiyo ukishika kikopo hiki jua umeshika chumvi iliyotiwa viungo. Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu chakula cha gharama. Mimi mara ya kwanza nilitumia siagi ya chumvi, nikatia viungo vya pakiti bila kuvionja, nikamalizia na maji ya sufuria ambayo nayo yalishakolea chumvi. Kilo mbili za kamba, wageni sita mezani, kila mtu anaomba maji. Iliniuma sana.

Kwa hiyo siagi iwe isiyo na chumvi, na iwe siagi ya maziwa kweli. Kwetu tumezoea kuita siagi hata majarini ya kopo, ile ya kupaka mkate. Ukiitumia hiyo utapata mafuta mekundu yenye pilipili, lakini ule utamu wa maziwa unaobaki mdomoni hutaupata.

Tuwashe sasa. Siagi gramu 227, vile vipande viwili virefu vya hapa Marekani, moto mdogo. Kitunguu saumu kichwa kizima. Nimekikatakata kwa kisu, sikukitwanga, maana kilichotwangwa kinashika chini na kuungua upesi. Sogeeni muone: povu jeupe linaanza kutulia, vipande vimelainika na kuwa vyeupe vya kung'aa, hakuna hata kimoja kilichogeuka kahawia. Hapa hapa ndipo viungo vinaingia. Ukichelewa, kitunguu saumu kikaungua, mwaga uanze upya; uchungu ule hauondolewi na limau wala sukari.

Paprika kijiko kimoja cha chakula. Unga wa pilipili kali nusu kijiko cha chai, wapenda moto mwongeze. Pilipili manga, unga wa kitunguu maji, oregano kidogo. Na Tony kijiko kimoja cha chai tu. Koroga, hesabu kama nusu dakika... oneni rangi hiyo! Siagi ilikuwa njano, sasa ni kama mafuta ya mawese. Rangi na ukali wa pilipili vinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ni sababu ile ile inayokufanya ukaange bizari kabla ya kutia tui.

Na hapa kuna jambo nalipenda sana. Wakajuni ni uzao wa Wafaransa waliokuwa wakiishi Acadia, huko Kanada, ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755, na wengi wao wakaishia Louisiana. Kwa desturi yao viungo vinatiwa kwenye maji ya kuchemshia; kamba wa mtoni wakishaiva wanamwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti, watu wanazunguka na kula kwa mikono. Hii ya kumwagia siagi ya kitunguu saumu juu imepata umaarufu kupitia Wavietnamu waliokuja Marekani baada ya vita vyao kuisha mwaka 1975 na kujenga maisha kwenye pwani ya Ghuba ya Meksiko. Hapa Houston, pita barabara ya Bellaire msimu wa kamba wa mtoni, harufu yenyewe itakushika mkono. Basi tukiisifia sosi hii, Wavietnamu nao wapewe haki yao.

Tumalizie. Nachota robo kikombe cha maji ya kule kwenye sufuria, nayamimina kwenye siagi huku nakoroga kwa nguvu ili sosi ishikane isijitenge. Juisi ya limau moja. Sukari ya kahawia kijiko cha chai. Onja. Chumvi nyingine? Mimi siongezi hata chembe.

Mlioko Dar au Mombasa, msihangaike kuagiza kikopo. Changanyeni paprika, pilipili, pilipili manga, unga wa kitunguu saumu, oregano, chumvi mtie mwishoni kwa kuonja. Paprika ikikosekana, ulizeni maduka ya Wahindi pilipili ya Kashmiri. Rangi kali, ukali wa wastani. Na kamba wa soko la samaki la Feri, Dar, wa asubuhi ile ile, wallahi, watawashinda hawa wangu wa barafu.

Alama zangu ni nane kwa kumi. Ladha yake imetulia, hakuna kiungo kinachomfunika mwenzake, na kinafaa hata kwenye kuku na mayai. Mbili nimezikata kwa ajili ya chumvi. Kama unaangalia presha, wanatengeneza pia isiyo na chumvi, nunua hiyo.

Haya, kamba wanaingia. Dakika mbili, tatu, wakijikunja na kuwa waridi natoa. Sinia liko wapi? Nashikilia sufuria kwa mkono huu, namwaga... tazama inavyoingia kwenye punje za mahindi. Bismillahi.