Memori kadi ya kamera ya zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Hizi kamera ndogo za dijitali za miaka ya 2000 zimerudi mjini kwa kasi, vijana wanazitafuta kwa udi na uvumba, za kwenda nazo harusini, kwenye mahafali, beach, kila mahali, na ni kamera nzuri kweli zinastahili. Ila kinachowakwamisha wengi ni memori kadi. Mtu anapata kamera safi ya mtumba, lensi haina fangasi, betri inashika chaji, afu anaenda Kariakoo kule Dar au Luthuli kule Nairobi anauziwa kadi ya GB 64 kwa sababu ndo iliyopo, akichomeka kamera inagoma, basi anaona kauziwa kimeo. Kamera nzima kabisa! Kadi ndo haiendani nayo.

Kabla hujatoa hela fungua kile kimlango cha kadi, au angalia mbele ya kamera na kwenye kitabu chake, kuna nembo. Ikiwa imeandikwa SD tupu, yaani SD peke yake bila HC wala XC, mwisho wake ni GB 2. Ikiwa SDHC, inakula kuanzia GB 4 mpaka 32, na zile za GB 2 inazikubali pia. SDXC ni GB 64 kwenda juu, na hizo ndogo inazipokea pia. SDHC ilitangazwa 2006 na SDXC 2009, kwa hiyo hata ukijua tu mwaka kamera ilipotoka unakuwa umeshapata nusu ya jibu. Nikon D50 ya 2005 ni GB 2 basi, mdogo wake D40 iliyotoka mwishoni mwa 2006 inakula SDHC bila shida, na kwa macho hizo mbili mtu anaweza kuzichanganya. Canon 450D ya 2008 ni SDHC, 550D ya 2010 tayari inapokea SDXC.

Na hapa nisisitize maana watu wanapotezewa hela: kadi ya GB 8 huwezi kuigeuza iwe ya GB 2 kwa kuifomati. Kuna mafundi wanakwambia "lete niiweke FAT itakubali", yaani aifomati kwa mpangilio wa zamani wa mafaili, haikubali, kwa sababu SDHC inahesabu sehemu za kuhifadhia kwa namna nyingine kabisa na kamera ya SD tupu haielewi hiyo hesabu, ufomati usifomati. Kwenye Nikon za umri ule utaona CHA inawaka na kuzima kwenye kile kioo kidogo, maana yake kadi imekataliwa. Ukiona For ndo hiyo inataka kufomatiwa tu, hapo usiwe na wasiwasi.

Haya, sasa nizipange ninavyoona mimi.

Namba moja, kwa kamera yoyote yenye nembo ya SDHC au SDXC, chukua SDHC ya umbo kubwa la kawaida, GB 8 au 16, yenye alama ya spidi ya Class 10, ya kampuni inayojulikana kama SanDisk, Kingston, Lexar au Transcend. Hii ndo kadi ningemnunulia mdogo wangu bila kufikiria mara mbili. Picha ya megapikseli 10 ya JPEG inakaa kwenye MB 4 hivi, kwa hiyo GB 8 ni picha karibu 2000, harusi nzima na sendoff yake zinaingia humo. Zile za UHS-I, yaani kadi za spidi zaidi, zinafanya kazi pia kwenye kamera za zamani ila kwa spidi ya kamera yenyewe, kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kisa imeandikwa alama za spidi kubwa kama V60 au V90, hiyo spidi hautaiona popote.

Namba mbili, na kwa wenye SD tupu hii ndo namba moja yao, ni microSD ya GB 2 pamoja na adapta. SD kubwa za GB 2 siku hizi ni za kutafuta sana, lakini zile kadi ndogo za simu za batani bado zimejaa kwenye maduka ya simu na nyingine zipo tu kwenye droo nyumbani, na ukiiweka ndani ya adapta kamera inaiona kama SD ya kawaida. Kamera ya megapikseli 6 inaingiza humo picha zaidi ya 500. Chukua mbili kabisa. Sema adapta ichague kwa mkono: pembeni kuna kile kiswichi cha plastiki cha kufunga kadi, kisogeze juu na chini, kikilegea kitateleza chenyewe unapochomeka na kamera itakwambia kadi imefungwa, afu we utahangaika kumbe ni kiplastiki tu. Ikitokea hivyo kiache upande wa wazi ukibane na kipande chembamba cha selotepu.

Namba tatu ni CompactFlash, ile kadi pana nene, ya Canon 350D, 400D, 5D, Nikon D70, D200 na wenzao. Nimeishusha kwa sababu ya bei na upatikanaji tu, ubora wake hauna neno. Tafuta GB 4 au 8. Kwenye kamera ya mtumba ya aina hii washa tochi ya simu umulike ndani ya tundu la kadi, kuna vipini 50 vimesimama vyembamba sana, kimoja tu kikipinda usiinunue kamera hiyo au shusha bei sana, maana kukinyoosha ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi. Kadi yenyewe ingiza imenyooka, usiisukume kwa nguvu hata siku moja. Zipo pia adapta za kugeuza SD iwe CompactFlash, zinasaidia, ila nyingi ni nene za Type II na kuna kamera zinapokea Type I tu, yaani zile nyembamba, kwa hiyo nenda na kamera dukani.

Namba nne, Memory Stick za Sony. Sony walianza kuruhusu SD kwenye kamera zao mwaka 2010, za kabla ya hapo nyingi zinatumia Memory Stick ya aina ya PRO Duo. Adapta ya microSD kuwa PRO Duo ipo, rahisi, na kwa Cyber-shot nyingi, zile kamera ndogo za Sony, inafanya kazi vizuri. Ila kamera inayotaka ile Memory Stick ya mwanzo kabisa isiyo na neno PRO, hiyo ni MB 128 mwisho, iache.

Ya mwisho ni kadi za xD, za kamera za Olympus na Fujifilm. Zilitoka 2002, mwisho wake GB 2, hazitengenezwi tena, na kamera za mwanzo zinaweza kukataa zile za Type M zilizokuja baadaye. Kama kamera haiji na kadi yake ndani, mimi nisingeinunua. FinePix chache, yaani kamera za Fujifilm, zinapokea xD na SD pamoja, hizo sawa, tumia SD.

Na kuna zile za GB 512 kwa bei ya soda na chipsi. Hizo ni feki, ndani ina GB chache tu ila imepangwa iidanganye kompyuta, ukishajaza ile nafasi ya kweli picha zinazofuata zinaharibika na unagundua ukishafika nyumbani. Kadi yoyote mpya ipitishe kwenye programu ya kupima kadi, H2testw kama una Windows, au F3 kwa Mac na Linux, zote za bure, zinaandika kadi nzima halafu zinaisoma tena.

Dukani omba uijaribu palepale: ingiza kadi, fomati kwenye kamera yenyewe na sio kwenye kompyuta, piga picha kumi za haraka haraka, zima kamera, washa, zitazame zote mpaka ya mwisho uivute karibu. Zikifunguka zote lipa, dai risiti yenye siku za kurudisha.