Risasi au YBCO: uga wa sumaku huingia kina gani?

Metali ya risasi na YBCO, kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, zote hupitisha umeme bila ukinzani zikipozwa sana. Kwa maabara ya shule hapa Mtwara, chagua YBCO. Risasi hudai heliamu ya kimiminika, maana ukinzani wake hutoweka chini ya kelvini 7.2, lakini wa YBCO hutoweka chini ya 92 hivi, kwa hiyo naitrojeni ya kimiminika ya kelvini 77 inatosha.

Katika baridi kali uga hupenya risasi nanomita 40 tu, na hapo hubaki asilimia 37 ya nguvu yake ya juu ya uso. Ganda la korosho ni ukuta ukilinganisha. Uga ukizidi tesla 0.08 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga), risasi husalimu amri yote: ukinzani hurudi. YBCO hupenywa zaidi, nanomita 150 hivi, tena huruhusu nyuzi za sumaku (vijisehemu vyembamba vya uga) ndani, zikanaswa kwenye kasoro za muundo wake. Ndiyo maana sumaku huelea juu yake bila kuteleza.

Unyevu wa pwani huila YBCO: ikaushe kila baada ya jaribio, uifungie na silika jeli.