Uzoefu wangu: nasomea ubingwa mahali ambapo nikiumia "si wao"

Wanaoniuliza kuhusu hospitali ninayosomea M.Med (shahada ya udaktari bingwa) ya magonjwa ya wanawake na uzazi huanza na ada, kisha zamu zikoje. Hayo mtaambiwa na yeyote. Langu mimi ni la sindano.

Ilikuwa zamu ya usiku, miezi kadhaa iliyopita. Leba imejaa, akina mama wanalala wawili wawili kitandani, residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, ni mimi peke yangu. Namshona mama aliyechanika wakati wa kujifungua, damu haikati, sindano ikapita glovu ikazama kidoleni. Yule mama hana kosa lolote. Kipimo chake cha VVU kilisoma chanya.

Kila aliyefanya kazi wodini anajua kinachofuata: osha jeraha kwa maji na sabuni, toa taarifa, anza dawa za kinga (PEP) haraka, zisipite saa 72, kisha uzinywe siku 28. Hatari yenyewe ni ndogo, kama asilimia 0.3. Lakini saa tisa usiku, kidole kikiwa chini ya bomba, asilimia haimtulizi mtu. Sista wa zamu, Mungu ambariki, ndiye aliyenitoa pale: "Dokta, nenda sasa hivi, huku nipo mimi."

Nikaenda kwenye kitengo kinachohudumia watumishi wanaoumia kazini. Niliyemkuta hakuinua hata uso. Akataka namba yangu ya utumishi. Nikasema mimi ni residenti.

"Basi wewe ni mwanafunzi. Fomu hizi ni za watumishi. Nenda zahanati ya chuo, wanafungua saa mbili."

Nikamwonyesha kidole.

"Sasa mimi nifanyeje, Dokta? Wewe si wetu."

Si wao! Usiku ule waliojifungua pale walizalishwa na nani? Anayeitwa damu ikimwagika ni nani? Asubuhi tukichelewa raundi tunagombezwa kama watumishi, ratiba ya zamu inatupanga kama watumishi, na ukiomba kupumzika baada ya kukesha unaambiwa idara haina watu. Ila ukiumia tu, umekuwa mwanafunzi. Dawa nilipewa na daktari wa chumba cha dharura kwa utu wake tu, hakuniuliza namba yoyote. Vipimo vya baadaye vilitoka salama, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo ukiniuliza, nakwambia usije. Hasa kama unajilipia. Mimi niliacha kazi ili nisome: mshahara sina, ada nalipa, zamu nakesha. Mwenzangu aliyetoka halmashauri kwa ruhusa ya masomo mshahara wake unaingia, na akichomwa sindano ana mwajiri wa kumpelekea taarifa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Mimi niingie kwa mlango gani?

Na msiniambie ndivyo ilivyo duniani kote. Marekani residenti analipwa mshahara, na tangu 2003 saa zake zina ukomo wa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne. Nyingi bado, lakini mtu anazihesabu. Huko nako hospitali ziliwahi kudai residenti ni wanafunzi ili zikwepe kodi ya hifadhi ya jamii. Suala likafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2011 serikali ikashinda: anayefanya kazi ya muda wote atozwe kama mfanyakazi.

Nimesema usije. Lakini nisiwadhulumu walimu wangu. Yupo bingwa mmoja hapa ukimpigia usiku wa manane anakuja, anavaa, anasimama upande wa pili wa meza ya upasuaji na kukuachia kisu huku akikuelekeza taratibu. Kifafa cha mimba, kondo la nyuma kukaa vibaya, mfuko wa uzazi kupasuka: wenzangu wa programu zenye zamu nyepesi wanavisoma vitabuni, mimi nimevishika kwa mikono yangu. Kwa mafunzo, sijaona pa kupalinganisha na hapa. Mwenye mwajiri anayemlipa, aje, tena aje haraka.

Aje? Hapana, ngoja. Huyo huyo bingwa alipeleka malalamiko yangu kwa uongozi, na jibu lililorudi ni kwamba utaratibu ndio huo. Wiki chache zilizopita residenti wa mwaka wa kwanza amechomwa sindano, na ameambiwa maneno yale yale, zahanati ya chuo, saa mbili. Huyo ana mwajiri na mshahara wake, na havikumsaidia kitu usiku ule.

Siku ya usaili watakuuliza kwa nini unataka kuja kwao. Ukimaliza kujibu, nawe waulize: nikichomwa sindano saa tisa usiku, dawa nachukua wapi, na fomu yangu anasaini nani? Wasipokutajia ofisi na cheo cha mtu, usilipe ada.