Droni Ndogo au ya Kati? Nimezirusha Zote Mbili Kwenye Kusi ya Lamu

Asalaam alaikum, na wengine wote hamjambo. Karibuni. Leo niko Shela, hapa kisiwani Lamu, juu ya dari ya nyumba ya rafiki yangu, na hiyo kelele mnayoisikia nyuma ni makuti yanavyopigwa na upepo. Nimeiacha makusudi, sikuipunguza. Hicho mnachokisikia ndicho kitakachoamua ununue droni gani, kuliko kitu chochote kilichoandikwa kwenye boksi.

Haya, tuzitazame. Huku kulia nina DJI Mini 4 Pro. Gramu 249. Ikikunjwa, urefu wake haufiki sentimita 15, naitia kwenye mfuko wa koti na nasahau kama ipo. Kushoto ni DJI Air 3, gramu 720, yaani karibu mara tatu ya mwenzake. Zote mbili zilitoka mwaka 2023, ndogo ikianzia dola 759 na hii kubwa dola 1,099. Tangu hapo zimetoka nyingine mpya, nafahamu, lakini hizi ndizo watu wengi wanazouziana mkono kwa mkono, na ndizo nilizozitumia mwenyewe hapa kwa misimu miwili, kusi, yaani upepo wa kusini, na kaskazi, ule wa kaskazini.

Swali la kwanza ninaloulizwa kila siku: ipi ina picha nzuri? Sikilizeni. Kamera kuu ya hii na kamera kuu ya ile zina sensa, yaani kile kipande kinachonasa picha, ya ukubwa mmoja, ile ya inchi 1/1.3, na tundu la lenzi moja, f/1.7. Zote zinarekodi 4K kwa fremu 60 kila sekunde, na ukitaka mwendo wa polepole zinafika fremu 100. Juzi nilirekodi jua likichwa kwa zote mbili, nikaziweka video ubavu kwa ubavu kwenye kompyuta, na mimi mwenye kuzirekodi ilinibidi nisome jina la faili nijue ipi ni ipi. Kwa hiyo anayekwambia ongeza dola mia tatu na kitu upate picha safi zaidi, kwenye jozi hii hakwambii kweli. Hela hiyo inanunua vitu vingine, na kwa sisi wa pwani ni vitu vikubwa.

Cha kwanza ni upepo.

Wenyeji mnaijua kusi. Inaanza kushika mwezi wa Aprili, ikifika Juni hadi Agosti imekaza, bahari ya nje imechafuka. Mini imeandikwa inahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde. Air inahimili mita 12. Ukisoma hivyo utasema tofauti ni ndogo, mita moja na kitu, ya nini kusumbuka? Nami nilisema hivyo hivyo, mpaka siku moja mwezi wa Julai.

Nilikuwa ufuoni, ule ufuo mrefu wa Shela, upepo unatoka baharini. Nikairusha Mini ielekee bara, juu ya vilima vya mchanga. Ilikwenda kama imetupwa, kwa sababu upepo ulikuwa unaisukuma mgongoni. Nikafurahi, picha tamu, mchanga umechorwa mistari kama mkeka. Imefika kama mita 800, betri iko asilimia 58, nikaigeuza irudi. Haikurudi. Yaani inakuja, lakini natazama ile namba ya umbali kwenye skrini inapungua kwa kusitasita: 790, 788, 785.

Hesabu yake ni rahisi na nataka uishike. Kwenye mwendo wa kawaida Mini inakwenda mita 12 kwa sekunde, basi. Upepo wa mbele ukiwa mita 10, kinachobaki ni mita 2. Mita 800 kwa mwendo huo ni karibu dakika saba, na kila sekunde mota zinafanya kazi kubwa, betri inayeyuka. Kilichoniokoa ni mambo mawili. Nilihamisha swichi kwenye mwendo wa S, yaani ule wa kasi, ambao Mini inafika mita 16, nikabakiwa na 6 badala ya 2. Halafu nikaishusha chini, kama mita kumi kutoka kwenye mchanga, kwa sababu upepo karibu na ardhi hupungua nguvu. Angalia tu, kwenye S zile sensa za kuzuia kugonga hazifanyi kazi, kwa hiyo uhakikishe mbele hakuna mti wala nyumba. Ilitua na asilimia 14. Mikono ilikuwa inanitetemeka.

Kulikuwa na nahodha mmoja mtu mzima amekaa pale kwenye kivuli cha mashua yake, ananitazama muda wote. Akaniuliza, "Hiyo yako ikikutana na upepo wa mbele, yabisha?" Maana jahazi likikabiliwa na upepo halilazimishi kwenda nao uso kwa uso, linabisha, linakwenda upande huu na kurudi upande huu mpaka linafika. Nikamwambia, "Haibishi, ami. Inakuja moja kwa moja." Akanijibu, "Basi itangulize kwenye upepo ingali na nguvu, irudi ikisukumwa." Tangu siku hiyo, iwe ndogo au kubwa, nikiirusha naanza kwa kuipeleka upande unakotoka upepo. Nimesoma maelekezo mengi ya droni, sijaona sentensi iliyonifaa kuliko hiyo.

Sasa Air. Kwenye S inafika mita 21 kwa sekunde. Upepo ule ule wa mita 10, unabakiwa na 11. Zile mita 800 zinakatwa kwa sekunde 73 hivi, wakati Mini kwa S ingechukua sekunde 133. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe, na hutaiona ukilinganisha 10.7 na 12. Ni akiba ya mwendo wa kukurudisha nyumbani. Na uzito nao unasaidia: Mini kwenye upepo mkali unaiona inalala, inayumba, mara nyingine ncha za panga zake zinazozunguka zinaingia juu ya picha. Air imetulia zaidi.

Betri pia. Kwenye karatasi Mini ni dakika 34, Air dakika 46. Hizo ni za hewa tulivu mpaka betri iishe kabisa, na hakuna mtu mwenye akili anayerusha hivyo juu ya bahari. Mimi kwenye kusi nahesabu dakika 20 kwa Mini na 30 kwa Air, zikifika hapo nateremsha. Ila jua kwamba betri ya Air ina wati-saa 62.6 na ya Mini haifiki 19. Ukiwa kisiwani na unachajia sola, au umeme umepotea, kuijaza Air kunakula zaidi ya mara tatu.

Cha pili ni jicho la pili. Tazama hapa mbele ya Air, karibu nikusogezee. Lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Moja ni pana, milimita 24, sawa na ya Mini. Nyingine ni ya mbali, milimita 70. Kwenye mashindano ya majahazi hii ndiyo iliyonifanya nitoe pesa. Chukua mfano: droni iko mita 60 kutoka kwenye mashua. Kwa lenzi pana unaona upana wa kama mita 90 za bahari, na mashua ya mita 10 imepotea humo ndani, kidoa. Kwa lenzi ya mbali unaona kama mita 31 tu. Mashua imechukua theluthi ya picha. Unaona foromali, ule mti unaobeba tanga, inavyopinda, unamwona yule kijana aliyekaa kwenye ubao nje ya mashua kuisawazisha, mgongo wake umelowa maji. Na matanga ya nyuma yanaonekana yamesogea karibu, yamepangana, kitu ambacho lenzi pana haikupi hata ukienda wapi.

Ukitaka picha hiyo kwa Mini inabidi usogee mpaka mita 20. Hapo unawasumbua mabaharia, na tanga likigeuka ghafla huna pa kukimbilia. Mimi sipendi mtu aharibiwe mashindano yake kwa sababu ya video yangu.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo nalisema kwa moyo wangu wote, hasa kwa mnaokuja Lamu kutoka nje. Nyumba za mji wa kale hazikujengwa zitazame njiani. Zimejengwa zitazame ndani, kwenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani, na juu kuna dari ambako familia inapunga upepo, wanawake wanaanika nguo, wanakaa bila buibui wala mtandio kwa sababu hapo ni kwao, hakuna macho ya mtu. Kuta zile nene zina kazi hiyo karne na karne. Kisha mimi naleta jicho kutoka juu.

Nilipoanza nilirusha asubuhi juu ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, nia yangu ni paa za makuti na minara, basi. Nilipotua, mzee mmoja alikuwa ameshafika ananisubiri barazani. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, huko juu wako wake zetu na binti zetu." Nikamwomba radhi, nikaifuta ile video mbele yake. Sijairudia. Sasa nikihitaji paa za mji, narusha kutoka upande wa maji, nakaa mbali, naenda juu, lenzi pana, na kabla ya hapo nimepita kwa watu wa mtaa nikawaambia siku na saa. Ile lenzi ya mbali juu ya mji naizima kabisa. Ni chombo cha baharini. Ukinunua Air, umenunua pia jukumu hilo.

Mini kwa hapo ina jema lake, sauti yake ni nyembamba zaidi. Air inavuma, na punda wanaishtukia. Punda aliyebeba mawe ya matumbawe kwenye kichochoro akishtuka, ni hatari kwa mtu.

Sheria, kwa ufupi lakini msiipite. Zile gramu 249 zimepimwa kwa sheria za nchi nyingine. Kule Marekani, droni ya burudani iliyo chini ya gramu 250 haisajiliwi. Kenya huwezi kujificha nyuma ya mzani. Tunayo kanuni ya mwaka 2020, na mwenye kuisimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kuiingiza nchini ni kibali, kuimiliki ni kusajili, na ukitaka kulipwa kwa kazi kuna leseni ya rubani na cheti cha mwendeshaji. Mwisho wa kupanda ni futi 400, kama mita 120. Na Lamu ina lake: uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo tu ya mkondo, ukisimama forodhani waziona ndege zikishuka. Idhini iwe mkononi kabla ya kufungua begi. Upande wa kambi za jeshi na bandari mpya ya Kililana, usiitoe kabisa.

Kitu kimoja ambacho Mini inaishinda Air waziwazi: video ya wima. Kamera ya Mini inageuka yenyewe ubavu, nyuzi 90, unapata 4K kamili ya wima. Air inakata picha tu na kukupa 2.7K. Kama kazi yako yote inaishia kwenye simu za watu, hilo lipime vizuri.

Sasa mnataka niseme ipi. Kama unarekodi safari zako, mikoko ya Manda asubuhi, ufuo wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, na unabeba kila kitu mgongoni, chukua Mini na usione umepungukiwa. Kama unataka majahazi, au hoteli zinakuita Julai na huwezi kuwaambia wangojee upepo upungue, chukua Air. Mimi nikiambiwa nibaki na moja, nabaki na Air, na nitaikumbuka Mini kila ninapotengeneza video ya wima.

Mwenzangu mmoja ameniuliza kuhusu kurusha kutoka kwenye chombo kinachotembea. Inawezekana, lakini kumbuka droni inakumbuka pale ilipoondokea. Chombo kimeshasogea nusu kilomita, wewe unabonyeza kitufe cha kurudi, yenyewe inarudi kwenye maji. Weka upya sehemu ya kurudi kila baada ya muda, ifuate rimoti. Na kwenye kudaka kwa mkono, Mini ni rahisi zaidi. Air ninadakiwa na mtu wa pili mwenye glavu, na hatudaki kama sitaha inaruka.

Mchangani usitue. Beba busati dogo, liwekee mawe kwenye pembe nne. Punje moja ikiingia kwenye mota utaisikia inasaga.

Na ukifika nyumbani usiifungie kwenye begi hivyo hivyo. Sogeza kamera, tazama hapa kwenye mkono wa droni, hapa kwenye bawaba. Mnaona huu weupe, kama unga? Ni chumvi ya leo, dakika 25 tu angani, na haikugusa maji hata kidogo. Kitambaa laini, kilowe kidogo kwa maji matamu, unapita hivi, taratibu, usiibonyeze kamera. Halafu kikavu. Huu mkono umeisha, bado mitatu.