Feni ya jiko la kuni inapochelewa kuwaka: uzoefu wangu

Hapa Maine, Marekani, tunapasha nyumba joto kwa jiko la chuma la kuni lililoingizwa ndani ya meko ya zamani ya matofali. Jiko lenyewe sina neno nalo: kuni za mwaloni zilizokauka vizuri zikishika, chuma kinabaki na joto hadi alfajiri. Kasheshe ni feni yake, ile inayovuta hewa ya sebuleni na kuipitisha nyuma ya chuma cha moto. Msimu huu wa baridi feni ilianza kuchelewa kuwaka. Moto unanguruma, watoto wamejikunyata kwenye blanketi, feni kimya.

Dukani waliniambia ninunue mota mpya. Usitoe hela kabla hujajua feni yako inachelewa kwa namna gani, maana namna ziko mbili. Nyingi zina swichi ndogo ya joto, kidude cha duara mfano wa sarafu kinachogusa mwili wa jiko. Chuma kikifika kama nyuzi 45 za Selsiasi hivi ndipo umeme unapita. Sasa acha kuisubiri ijiwashe, iwashe mwenyewe kwa kitufe chake. Ikiondoka papo hapo, mota ni nzima. Angalia hiyo swichi: imekufa, imeachana na chuma, au jivu limeingia katikati.

Yangu iliguna tu, ikajivuta, baadaye sana ndipo ikachanganya. Hapo ni mota. Nyingi za feni hizi hazina kapasita, kile kidude cha kuipa mota msukumo wa kuanza, na nguvu yake ya kuondokea ni ndogo, hivyo beringi ikikauka kidogo tu inalemewa. Jiko lilipopoa kabisa nikachomoa plagi, nikafungua skrubu. Mapanga yamejaa jivu na manyoya ya paka, shafti ukiisukuma kwa kidole inagoma. Nikasugua kwa mswaki mkavu, nikafyonza vumbi, nikadondosha oili nyepesi ya mota kwenye matundu ya beringi. Nikaisukuma tena, ikazunguka yenyewe bila kelele. Beringi zilizozibwa hazina tundu la oili. Hizo zikikauka, ni kubadilisha.

Siku hizi naiwasha kwa spidi ya juu, ikishachanganya ndipo naipunguza.

Kinachoniudhi ni kwamba feni wameiweka usawa wa sakafu, inameza kila uchafu, na kitabu cha maelekezo hakigusii kabisa kuisafisha. Nyota nne kwa jiko. Ukienda kununua, mwambie muuzaji aitoe feni mbele yako, uone ni skrubu ngapi.